Kifuniko cha bodi ya pikapu kwa Mombasa: kipi kinahimili, kipi kinaoza

Mnunuzi akiingia dukani kutafuta kifuniko cha bodi ya pikapu, jambo la kwanza analouliza ni kama kinafungwa kwa ufunguo. Kwa Mombasa, swali hilo liwe la tatu. La kwanza ni maji yakianguka juu yake yanaelekea wapi, na la pili ni vyuma vyake vitakuwaje baada ya miezi sita ya upepo wa bahari. Kifuniko kinachosifiwa Nairobi au Eldoret kinaweza kufika huku kikaanza kutoa unga mweupe kwenye reli, vile vyuma vya ubavuni vinavyokishikilia, kabla mwaka haujaisha, hata mwizi hajakigusa.

Hesabu ya maji ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bodi ya pikapu ya milango minne ni kama mita 1.5 kwa 1.5, yaani mita za mraba mbili na robo. Masika ikishusha milimita 30 kwa saa, kifuniko kimepokea lita 67 hivi, zaidi ya mitungi mitatu ya lita 20. Maji hayo ama yatamwagika ukingoni, ama yatapita kwenye mifereji ya reli, ama yataingia kwenye mzigo.

Halafu kuna Likoni. Bahari ikikupwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali. Pikapu ikishuka pua chini, dimbwi lililokuwa limetulia katikati ya kifuniko hukimbilia mbele, kwenye zile kona mbili zinazopakana na kabini. Kona hizo ndizo udhaifu wa karibu kila kifuniko, kwa sababu hapo reli ya ubavuni hukutana na ukuta wa mbele wa bodi, na raba mbili hulazimika kuungana. Ndiyo maana gari halivuji likiwa limeegeshwa sawa uani, na linavuja siku ya safari. Wengi humlaumu fundi wa raba bure. Kosa lilianza kwenye umbo la kifuniko.

Turubai la kushonwa

Turubai hudharauliwa kwa kuwa halina sura ya dukani. Lakini kwa anayepakia Kongowea alfajiri na kushusha Mtwapa au Ukunda, hakuna kinacholishinda. Magunia ya viazi yakipita ukingo wa bodi, turubai linapanda nayo. Mbao za mita tatu zikitokeza nyuma, unalikunja kidogo zikapita. Kifuniko kigumu hakiwezi hata moja kati ya hayo. Shida ni kwamba mengi hushonwa ovyo, kisha lawama inaliangukia turubai lenyewe.

Anzia kwenye kitambaa. Dai PVC nzito, gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba. Lile jepesi la buluu la kufunikia vibanda linafaa kwa wiki chache tu. Jua la huku, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hulifanya libanduke vipande vipande kama magamba. Usikubali maneno matupu kuhusu uzito. Kipande cha mita 2 kwa 2 cha gramu 650 kina kilo 2.6, na mizani haikosekani mtaani. Kisha kiinue ukitazame dhidi ya jua: ukiona vitone vya mwanga, kirudishe.

Vipimo hivyo vya mita 2 kwa 2 ndivyo vinavyotosha bodi ya milango minne, kwa sababu vinaacha sentimita 25 za kuning'inia kila upande. Sisitiza kiwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na uzi ndio unaooza kwanza. Pale ambapo lazima pashonwe, kwenye pindo na kona, uzi uwe wa poliesta mnene, si wa pamba. Pindo likunjwe mara mbili, kona ziwekewe kiraka cha ziada, na ringi za kupitishia kamba ziwe kila baada ya sentimita 30. Ringi ziwe za shaba. Zipo za bati zilizopakwa rangi ya dhahabu, na kwa macho hazitofautiki. Peleka sumaku, ikinata achana nazo.

Kinachosahauliwa zaidi ni uti wa mgongo. Turubai lililotandazwa bapa hubonyea, na dimbwi la kina cha sentimita 5 tu kwenye nusu ya bodi lina zaidi ya kilo 50. Uzito huo ndio unaong'oa ringi, wala si upepo. Mwambie mchomeleaji akuwekee bomba la inchi moja kutoka mbele hadi nyuma, likiwa juu ya kingo kwa sentimita 10, ili maji yagawanyike kulia na kushoto. Ncha ya nyuma ya bomba isikae juu ya mlango wa nyuma. Ikae kwenye tao lililosimama kwenye kona za ubavuni, la sivyo itabidi ulivunje hema zima kila unapotaka kufungua mlango.

Kwa kamba, katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, na nailoni hufanya kinyume chake. Zote mbili zinakuhangaisha wakati wa mvua. Kamba ya poliesta hukaa ilivyofungwa. Mikanda ya blada, ile inayokatwa kutoka tyubu za magari, ni mizuri sana kwa kuwa inavuta muda wote na hairuhusu turubai lipigepige ukivuka daraja la Nyali kusi ikivuma. Ivute kwa vidole kila mwezi. Ikionyesha nyufa ndogondogo, badilisha kabla haijakukatikia njiani.

Vinili ya kuviringisha

Hii ndiyo inayopendeza macho kwa bei isiyoumiza. Uzito wake ni kilo 15 hadi 20 pamoja na reli, mtu mmoja anaifunga, na ukitaka kubeba kabati unaiviringisha hadi kabini na kuibana kwa mikanda miwili. Maelekezo yanayokuja nayo huandikwa kwa nchi za baridi, yakionya kwamba vinili itasinyaa. Mombasa haisinyai, inalegea. Mchana wa Februari vinili nyeusi hupata joto kiasi cha kutoshikika kwa kiganja, hunyooka, na baada ya miezi michache huzama kati ya mbavu, yale mataruma ya kukingama yanayoishikilia kwa chini. Irekebishe saa saba mchana, ikiwa moto. Ukiikaza asubuhi, adhuhuri itakuwa imelegea tena.

Hesabu mbavu zake. Tatu ndiyo idadi ya chini kwa bodi ya mita 1.5, na zile zenye mgongo kidogo ni bora kuliko zilizonyooka. Epuka vifungo vya kubonyeza: chumvi huvigandisha, mtu anavuta kwa nguvu, na kifungo kinatoka na kipande cha vinili. Velkro inafaa, mradi isuguliwe kwa burashi mchanga utoke. Kuhusu wizi, kisu kinaipasua kwa sekunde. Inaficha mzigo, hailindi.

Paneli tatu za kukunja

Hizi ni za alumini juu na chini, katikati sponji ngumu. Zina kilo 20 hadi 35, zinafungwa, na kwa mtu wa ofisini anayebeba mizigo ya dukani na masanduku ndizo tunazopendekeza kabla ya nyingine. Paneli ya nyuma peke yake inatosha kwa kazi nyingi. Chunguza viungo viwili vinavyopita kukingama, kwani maji ya juu yanapita hapo. Fungua nusu, uangalie kama chini ya kiungo kuna mfereji wa kuyapeleka pembeni, au ni raba tupu iliyogandishwa kwa gundi. Gundi huachia kwa joto. Angalia pia skrubu zilizopita kwenye paneli: zisipozibwa, maji huingia kwenye sponji, paneli inazidi uzito na uso wake unaanza kufura kama mkate.

Hamali asiruhusiwe kusimama juu yake wakati wa kupakia. Zinahimili mzigo uliotandazwa, lakini kisigino kimoja kinaacha alama ya kudumu.

Shata ya alumini

Ndiyo ghali zaidi katika vifuniko bapa, na kwa usalama ndiyo imara zaidi. Slati, yaani vipande vyembamba vya alumini vilivyounganishwa, zinateleza ndani ya reli na kujiviringisha kwenye boksi lililo mbele ya bodi. Mountain Top ya Denmaki ni mfano unaojulikana. Boksi hilo linameza sentimita 20 hadi 25 za urefu upande wa juu, kwa hiyo kreti unayoihesabia ukutani haitafika ukutani.

Shata haidai kuzuia maji yote. Imeundwa iyapokee, iyaongoze kwenye reli, na kuyashusha kupitia mipira miembamba miwili au minne inayotokea chini ya bodi. Mipira hiyo ndiyo kila kitu. Mombasa ni mji wa mwarobaini, na vijani vyake vyembamba vinaingia kwenye tundu la mpira kana kwamba vilipimiwa. Mpira mmoja ukiziba, boksi linajaa na maji yanamwagika yote kwa mkupuo ukifunga breki. Uzibue kila mwezi kwa waya laini au upepo wa pampu, na mara mbili kwa mwezi ukiegesha chini ya mti.

Reli zisipakwe grisi. Grisi hukamata mchanga na vumbi la matumbawe, ikageuka msasa unaokula alumini. Tumia spreyi ya silikoni inayokauka, baada ya kufuta kwa kitambaa chenye unyevu. Ukifanya kazi Kinango au Ganze, kwenye barabara za udongo, fikiria tena kama shata inakufaa.

Kifuniko cha faiba

Cha kipande kimoja, kinafunguka kama boneti kwa shoki mbili za gesi. Faiba haishiki kutu, na pwani hiyo ni sifa kubwa. Umbo lake lenye mgongo linamwaga maji vizuri kuliko chochote bapa. Ubaya wake ni kwamba mzigo ukizidi kina cha bodi, karibu nusu mita, huna la kufanya isipokuwa kukiacha nyumbani, nacho kina kilo 30 hadi 40 na hukiondoi peke yako.

Kama kimetengenezwa na fundi wa mashua, na wapo wenye mkono mzuri sana, kigonge kwa sarafu sehemu zote: sauti ikibadilika ghafla ikawa ya kitu kitupu, kuna upepo ndani ya tabaka. Pitisha mkono upande wa chini. Nyuzi zikikuchoma, resini haikutosha. Nyufa huanzia kwenye bawaba na kitasa, hivyo sehemu hizo ziwe nene kuliko kwingine na ziwe na bamba la alumini ndani.

Kenopi

Kenopi ni nyumba kamili: Carryboy na Aeroklas kutoka Thailand ndizo majina yanayoonekana zaidi, ya kwanza ikijulikana kwa faiba na ya pili kwa plastiki ngumu. Kwa mpishi wa harusi anayebeba sufuria za pilau, sahani na meko, hii ndiyo yake. Uzito wa kilo 60 hadi 90 utoe kwenye mzigo wako. Ni kama mfuko mmoja na nusu wa saruji unaozunguka nao kila siku. Zile za chuma zilizochomelewa hupita kilo 100, na chuma chembamba huanza kutu kwenye viungo msimu wa kwanza wa mvua.

Chagua yenye madirisha ya pembeni yanayofunguka. Nyanya na mchicha vilivyofungiwa bila hewa juani huharibika kabla ya kufika sokoni, na samaki wa barafu huacha maji ya chumvi yanayokula sakafu ya bodi kutoka ndani. Mitungi ya gesi isibebwe ndani ya kenopi iliyofungwa wala chini ya kifuniko chochote kigumu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni, na mtungi wa kilo 13 huwezi kuusimamisha chini ya kifuniko bapa. Utalazwa, na haufai kulazwa.

Kuna jambo la vumbi pia. Gari likienda, nyuma yake hewa hupungua nguvu na kuvuta vumbi liingie kupitia mwanya wa mlango wa nyuma. Kufungua dirisha la nyuma la kenopi huzidisha. Fungua tundu la hewa la mbele au la juu, ili hewa iingie na kusukuma vumbi nje. Na hata uwe na kifuniko cha aina gani, mwanya wa mlango wa nyuma upo pale pale: kiwandani hauzibwi. Raba ya kuzungushia mlango huo inauzwa kwa mita, na bila hiyo hakuna kifuniko kitakachokupa bodi kavu. Vilevile kitasa cha kifuniko hakina maana kama mlango wa nyuma hauna kufuli.

Vyuma na chumvi

Ule unga mweupe kwenye reli ni alumini inayoliwa. Alumini ikigusana na bolti ya chuma, katikati kukiwa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayojitoa. Dawa ni kuzitenganisha: washa ya plastiki chini ya kila kichwa cha bolti, na kupaka grisi ya mashua kwenye meno. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kinachoandikwa A4 kichwani. Ni zile zile wanazotumia mafundi wa mashua. Za A2 zinavumilia, lakini huanza kutoa madoa ya kahawia. Zinazokuja ndani ya boksi la kifuniko mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zibadilishe siku hiyo hiyo ya kufunga, maana zikishagandamana hutazifungua bila kukata.

Osha kifuniko kila wiki kwa maji matamu. Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na sehemu za kuoshea magari huyatumia kwa kuwa ni rahisi. Pikapu inatoka inang'aa, huku chumvi imesukumwa hadi ndani ya reli. Ukipeleka huko, ukifika nyumbani suuza reli na vitasa kwa ndoo moja ya maji ya mfereji au ya mvua.

Kupima na kufunga

Funga mlango wa nyuma kwanza, kisha pima urefu kwa ndani kutoka ukuta wa mbele hadi mlangoni, kwenye usawa wa ukingo wa juu. Pima upana mbele na nyuma. Halafu pima mkingamo, kona hadi kona, pande zote mbili. Mikingamo ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, bodi iliwahi kugongwa na kifuniko kigumu hakitakaa. Ama inyooshwe, ama uchukue vinili au turubai.

Mwaka wa gari hautoshi, dai kujua umbo la bodi. Hilux ina bodi za aina mbili: yenye kishikio kimoja katikati ya mlango wa nyuma, na yenye komeo mbili pembeni na kulabu za kamba ubavuni. Vifuniko vyake havibadilishani. Vifuniko vingi vya mtandaoni vimetengenezewa pikapu kubwa za Marekani, zenye bodi ya futi tano na nusu, karibu mita 1.68, na havitaingia kwenye Hilux, D-Max wala Ranger ya milango minne. Neno "inaingia zote" lichukue kama onyo. Kama gari lina upinde wa chuma nyuma ya kabini, liseme kabla ya kuagiza, kwa kuwa upinde huchukua mahali pa reli.

Laina ya plastiki, ile bitana ya bodi, ikiwa inafunika hadi ukingo ikatwe pale vinapokaa vibano vya kushikilia reli. Vibano vikibana plastiki, vitalegea kila joto linapopanda. Safisha ukingo kwa spiriti kabla ya kubandika raba ya mbele. Weka reli zote mbili zikiwa zimelegea, weka kifuniko, sawazisha nafasi kushoto na kulia, ndipo ukaze kwa zamu, upande huu kidogo na ule kidogo. Rudia kukaza baada ya wiki. Fundi akitaka kutoboa bodi, mzuie kwanza. Kama hakuna njia, kingo za kila tundu zipakwe rangi ya zinki kabla bolti haijapita.

Kabla ya kulipa salio, tandaza magazeti makavu sakafuni mwa bodi, funga kifuniko, na umwage mtungi wa lita 20 polepole juu yake. Subiri dakika kumi, fungua. Gazeti likilowa kwenye kona ya mbele, raba haijaungana; irudiwe. Mstari wa maji ubavuni unaonyesha kibano kimelegea. Matone machache karibu na mlango wa nyuma yanatibika kwa ile raba ya mita. Kisha weka magazeti mapya na urudie pikapu ikiwa imeinamisha pua kwenye mteremko, kwa sababu ndivyo itakavyokaa ikiingia kwenye feri.